Somo: Kabla hujajiita mbunifu wa mavazi, jifunze kukata

Juzi binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne alinijia na daftari zima la michoro ya magauni, mazuri kweli. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza nikamuuliza: "Hili linavaliwaje? Zipu iko wapi?" Akanyamaza. Somo hili nimeliandika kwa ajili yake, na kwa wengine wanaodhani kazi hii inaanza na penseli.

Hatua ya 1: Kaa kwenye cherehani

Chukua karatasi ya kaki, ichore mistari iliyonyooka, ya mviringo na ya pembe, kisha ipitishe kwenye cherehani bila uzi. Sindano ikifuata mstari bila kuyumba, ndipo utie uzi. Cherehani ya miguu inatosha. Zoezi hili linachosha, najua, lakini usipolifanya kola zako zitakusema. Ukishanyoosha mshono, shona foronya, halafu sketi ya mpira, halafu blauzi isiyo na kola.

Hatua ya 2: Vipimo

Mpime mtu akiwa amesimama kawaida, asibane tumbo (watabana tu, wasubirishe kidogo wapumue). Hipsi pima pale palipojaa zaidi, na uandike umbali kutoka kiunoni hadi hapo, kwa sababu wanawake wawili wenye hipsi ya 42 wanaweza kutofautiana inchi mbili kwa mahali ilipo. Mafundi wengi hawaandiki kipimo hiki, halafu wanashangaa sketi inapanda.

Hatua ya 3: Kukata

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kitambaa ni bapa na mwili una milima na mabonde, na ubunifu ni kujua namna ya kuvipatanisha.

Tuchukue sketi ya kubana: kiuno 30, hipsi 42. Unachora robo ya mbele tu, kitambaa kikiwa kimekunjwa. Hipsi: 42 gawanya kwa 4 ni 10.5. Ongeza nusu inchi ya kupumua na nusu inchi ya mshono, unapata 11.5. Kiuno: 30 gawanya kwa 4 ni 7.5. Ongeza inchi moja ya kile kikunjo cha kubana kiuno na nusu inchi ya mshono, unapata 9. Unganisha 9 na 11.5 kwa mstari wa kupinda, usinyooke kama rula, maana nyonga haijanyooka. Nyuma ni hivyohivyo, ila katikati unaongeza inchi moja ya zipu.

Usikate kitenge cha mteja moja kwa moja. Jaribu kwanza kwenye marekani, ile pamba ya rangi ya maziwa isiyotiwa dawa. Jina lake limebaki tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Kimarekani walipokuwa wakiileta Zanzibar. Bei yake ni rahisi, na unaweza kuichora kalamu hukuhuku ikiwa mwilini.

Njia nyingine ninayoipenda: nenda mnadani kwenye mitumba, nunua koti bovu la bei ya chini, lifumue lote. Vipande vyake vitandaze sakafuni uone mkono ulivyokatwa na kitu gani kigumu kimewekwa ndani ya kola. Mimi koti moja tu lilinifundisha kuliko miezi miwili ya kuangalia video.

Hatua ya 4: Jua kitambaa

Kitenge cha pamba kifue kabla ya kukata, maana kinarudi, yaani kinapungua. Satini inateleza, ibane kwa pini nyingi. Ukikata mshazari kitambaa kinavutika na kuangukia mwilini vizuri, ila kinakula yadi. Na uangalie ua limesimama upande gani. Niliwahi kukata sare za wasimamizi wa harusi, kitenge cha ndege, na magauni mawili ndege wakawa wanaruka vichwa chini. Niligundua usiku wa kuamkia harusi. Kitambaa nikanunua tena kwa pesa yangu.

Hatua ya 5: Sasa chora

Mchoro wa mitindo humpa mtu urefu wa vichwa tisa, wakati binadamu wa kawaida hafiki hata vinane. Kwa hiyo gauni likipendeza kwenye karatasi, lifikirie tena likiwa kwa mteja wako mfupi. Chora na mgongo pia, uonyeshe zipu.

Hatua ya 6: Bei

Tuseme kitambaa ni 24,000, bitana na zipu na uzi 8,000, umeme na kodi 5,000, na umefanya kazi siku mbili kwa 15,000 kila siku. Jumla 67,000, na faida bado. Ukiuza 50,000 umemlipa mteja ili avae nguo yako.

MASWALI MLIYONIULIZA

Fundi, lazima nisome chuo? (Morogoro)
Si lazima, ila chuo kinafupisha njia. Vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha ushonaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shahada ya ubunifu na teknolojia ya nguo, hiyo inaingia ndani zaidi kwenye nyuzi na viwanda.

Dada, mimi nimesomea kitu kingine kabisa. Nimechelewa? (Mwanza)
Mustafa Hassanali, mbunifu aliyeanzisha maonyesho ya mitindo ya Swahili Fashion Week mwaka 2008, alisomea udaktari. Anza na karatasi ya kaki.

Siwezi kuchora watu kabisa. Niache? (Tanga)
Hapana. Chora nguo yenyewe ikiwa imelazwa, mbele na nyuma, na vipimo pembeni. Fundi anayekata anauhitaji mchoro huo kuliko mrembo wa vichwa tisa.

Nataka kushona gauni la kanga, pindo na jina niviweke wapi? (Zanzibar)
Tandika doti yote kabla ya kushika mkasi. Pindo linapendeza likikaa chini ya sketi au mikononi. Jina lisome kwanza, kisha pima litaangukia wapi mwilini. Usipoangalia, mama wa watu atakwenda kwenye maulidi ana maneno ya kumsuta jirani makalioni.