Kabla hujafungua skripti ya gnuplot uliyotumiwa: mambo ya kuzingatia

Unatumiwa folda, ndani kuna faili mbili, moja ya data na nyingine ya skripti, na aliyekutumia anakwambia we fungua tu grafu itatoka yenyewe. Unaandika gnuplot grafu.gp (gnuplot ni programu inayochora grafu kwa kufuata amri zilizoandikwa kwenye skripti) unabonyeza enter, na badala ya grafu unakuta mstari mmoja tu kwenye terminali: Segmentation fault (core dumped), yaani programu imegusa memori isiyo yake ikauawa. Wengi hapo wanarudia amri ileile mara ya pili, mara ya tatu, ikigoma wanaiacha wanaendelea na mambo mengine. Naomba usirudie kwanza. Na zaidi ya hapo, kuna vitu inabidi uwe umeviweka sawa kabla ya ile enter ya kwanza, maana programu ya grafu kukrashi inaweza ikawa usumbufu tu, na inaweza ikawa ndo mlango wenyewe wa mtu kuingilia.

gnuplot ni ya siku nyingi, ilitoka mwaka 1986, waliyoianzisha ni Thomas Williams na Colin Kelley (jina lisikuchanganye, si mradi wa GNU). Imeandikwa kwa lugha ya C, na kwenye C mwandishi wa programu ndo anatakiwa ahesabu mwenyewe nafasi ya kila kitu kwenye memori, akisahau kuhesabu mahali pamoja tu kazi imeharibika. Mwaka 2018 kwenye toleo la 5.2.5 ziliripotiwa hitilafu tatu kwa mpigo, na mbili kati ya hizo zilitokana na fonti. Fonti tu jamani. Programu imetenga nafasi ya herufi kadhaa kwa ajili ya fonti, mtu anaandika jina refu kupita kiasi, hakuna aliyepima urefu kabla ya kunakili, basi herufi zinamwagika kwenye nafasi za jirani ambako kuna vitu vingine programu inavitegemea. Mara nyingi inakufa palepale. Lakini mtu aliyekaa akapanga herufi zake vizuri anaweza kufanya zile zilizomwagika zifuatwe kama amri, na hiyo ndo tofauti kati ya hitilafu ya kawaida na hitilafu ya usalama. Mwaka 2020 ikaja nyingine kwenye 5.4, CVE-2020-25412 (CVE ni namba ya utambulisho inayopewa hitilafu ya usalama iliyoripotiwa), nayo ni kuandika nje ya nafasi iliyotengwa. Alafu CVE-2021-44917, hii ni kugawanya kwa sifuri kwenye sehemu inayopima mipaka ya grafu ya pande tatu. Kwa hii ya mwisho kumbuka kitu kimoja: namba nzima ikigawanywa kwa sifuri kwenye prosesa za x86 (zile za Intel na AMD) programu inauawa hapohapo, ila kwenye ARM za 64-bit jibu linatoka sifuri na kazi inaendelea kama hakuna kitu. Kwa hiyo mwenzako akikwambia kwangu imefungua fresh, muulize kwanza mashine yake ni ipi.

Sasa jambo ambalo naona watu hawalichukulii kwa uzito: faili la gnuplot ni programu. Siyo picha, siyo jedwali. Ndani yake mtu anaweza kuandika system na amri yoyote ya kompyuta yako ikafanyika, anaweza kutumia alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari, anaweza kutumia zile alama za ` `, anaweza kuandika plot "< amri" na amri hiyo ikaendeshwa ili itoe data, na hata set output na set print zinakubali alama ya | ikifuatwa na amri. Hivi vyote si hitilafu, vimewekwa makusudi na vinasaidia sana kazi. Kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya wala hahitaji kuhangaika na kumwaga memori kama wewe mwenyewe unaendesha skripti yake bila kuisoma. Kabla hujaifungua ipitishe hivi:

grep -nE 'system|`|^ *!|"<|\||eval|load|call' grafu.gp

Kila mstari utakaotoka usome kwa macho yako. Amri hii haikamati kila kitu, eval (inayochukua maandishi na kuyaendesha kama amri) inaweza kuunganisha vipande vya maneno ambavyo kimoja kimoja havina maana, kwa hiyo ukiona eval kwenye skripti ya grafu ya kawaida jiulize inafanya nini pale. Ongeza na awk 'length > 500' grafu.gp ikuonyeshe mistari mirefu isiyo ya kawaida, maana hitilafu nyingi za memori zinaamshwa na maneno marefu mno. Na kama unaweza, njia rahisi kuliko zote ni kumwambia mtu akutumie data peke yake, namba zilizopangwa kwenye safu, grafu uchore mwenyewe kwa skripti yako unayoijua. Mistari kumi ya kuandika upya haizidi usiku mzima wa kusafisha mashine.

Toleo nalo. gnuplot --version inakupa namba, mfano 5.4 patchlevel 4, ila namba peke yake inadanganya pande zote mbili. Wanaotunza Linux nyingi huchukua marekebisho ya usalama wakayarudisha kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba ya mbele, kwa hiyo unaweza ukaona namba ya zamani na kumbe imeshazibwa, au ukaona namba mpya na kumbe hitilafu unayoitafuta iliripotiwa baada yake. Kwenye Debian na Ubuntu soma kumbukumbu ya mabadiliko ya pakiti yenyewe kwa apt changelog uone kama ile namba ya CVE imetajwa. Alafu type -a gnuplot, ujue una nakala ngapi, maana unakuta moja ya mfumo, nyingine imekuja na conda (kisakinishi cha pakiti za Python na nyinginezo), na wewe unaapdeti hii huku kazi zako zinaita ile. Maxima na Octave ni programu za hesabu: Maxima inachora kwa kuita gnuplot kwa nyuma, Octave nayo inaweza kuitumia, kwa hiyo hata ambaye hajawahi kuandika neno gnuplot maishani mwake anaweza kuwa nayo na anaitumia kila siku.

Ukishasoma skripti na bado lazima uifungue, usiifungue kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye mashine), na ikiwezekana hata usitumie akaunti yako ya kila siku yenye funguo za ssh (za kuingilia mashine nyingine) na paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Tengeneza mtumiaji mwingine mwenye folda moja tu, au kontena (sehemu iliyotengwa na mfumo wako wote) isiyo na mtandao. Weka na kikomo: timeout 60 mbele ya amri (ikatwe baada ya sekunde 60), na ulimit -v kwa ajili ya memori, maana set isosamples (idadi ya mistari inayounda grafu ya pande tatu) ikiwekewa namba kubwa mno inaweza kumeza memori yote, mashine ikaganda bila hitilafu yoyote ya usalama.

Wenye seva inayochora grafu kwa maombi ya watu, hapa ndo nawaomba mtulie kabisa. Mtu anajaza kichwa cha grafu kwenye fomu, programu yako inachukua maneno yale inayabandika kwenye set title "..." inaipa gnuplot. Sasa ndani ya alama mbili za nukuu gnuplot inatekeleza kilichoko kati ya ` `, ndani ya nukuu moja moja haitekelezi. Yaani tofauti ya " na ' kwenye mstari mmoja ndo tofauti ya mtu kuandika kichwa cha grafu na mtu kuendesha amri kwenye seva yako. Na hata ukitumia nukuu moja bado anaweza kuifunga mwenyewe akaanza mstari mpya, kwa hiyo kubali herufi, namba, nafasi na alama chache unazozijua, kingine chote kikatae. Urefu uwe na mwisho. Fonti achague kwenye orodha yako, asiandike. Aina ya faili la kutoka hivyohivyo, na upana na kimo cha picha viwe namba nzima kati ya chini na juu uliyoweka wewe. Ukifanya haya hata hitilafu ambayo haijajulikana bado inakosa mlango wa kupitia, maana jina la fonti lenye herufi elfu tano haliifikii gnuplot kabisa.

Kazi za usiku zinazojiendesha zenyewe nina kidonda nazo. Tulikuwa na grafu ya joto la friji za sampuli, inachorwa kila saa, picha inawekwa kwenye skrini ya ukutani. Siku moja gnuplot ikaanza kukrashi kila ikiitwa, na kwa kuwa inakufa kabla ya kuandika faili, picha ya zamani ikabaki palepale, nzuri, mstari umenyooka, kila anayepita anaona joto liko sawa. Siku tatu. Toka hapo nafanya vitu vitatu bila kukosa. Picha naiandika kwenye faili la muda kwanza, ikikamilika ndo naihamisha kwa mv. Naweka set timestamp ili saa ya kuchorwa ionekane kwenye picha yenyewe. Na nakagua namba ambayo gnuplot inairudisha ikimaliza au ikifa: 139 ni kugusa memori isiyo yako, 136 ni hesabu kama ile ya kugawanya kwa sifuri, 134 ni programu imejiua yenyewe baada ya kukuta mambo yameharibika. Ukiita gnuplot kutoka Python utaziona kama -11, -8 na -6. Kosa la kawaida la uandishi linarudisha 1 na linakwambia mstari wa ngapi, hilo halitishi, hizo nyingine tatu zikitokea inabidi mtu apate ujumbe usiku uleule.

Ikikrashi, hifadhi skripti na data kama zilivyo, andika toleo na aina ya mashine, alafu kwenye nakala punguza mistari mmoja mmoja mpaka ubaki na michache inayotosha kuiangusha. Hiyo ndo uwapelekee wanaoitunza, wana sehemu yao ya kuripoti hitilafu kwenye SourceForge. Faili la core, lile ambalo mfumo unaliandika programu ikikrashi, usilipandishe hadharani, ndani yake kuna nakala ya memori, na kama data ilikuwa ya wagonjwa basi na wao wamo humo. Ile skripti fupi itunze. Siku apdeti ikitoka iendeshe tena kwa yule mtumiaji mwingine, na ukiona badala ya 139 imekurudishia 1 pamoja na namba ya mstari wenye kosa, hapo ndo ruhusu kazi za usiku ziendelee.