Somo: Virutubisho vya asili dhidi ya fangasi, na mpangilio wa kuvitumia

Haipiti wiki hapa Kisumu kabla mtu hajafika dirishani pa duka letu la dawa akiwa na kichupa cha mafuta au kopo la vidonge alilonunua kwa bei ya kuumiza, akitaka kujua kama kitamwondolea fangasi. Mimi ni mfamasia, ingawa wateja huniita daktari na nimechoka kuwasahihisha. Somo hili linamhusu Candida, fangasi wa jamii ya hamira anayeishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya bila kuwasumbua, na ambaye huleta maradhi pale tu anapozaliana kupita kiasi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kilichompa nafasi. Mara nyingi ni antibiotiki, kwa kuwa dawa hizo huua pia bakteria wema wanaomzuia fangasi. Pengine ni kisukari kisichodhibitiwa, ujauzito, virusi vya UKIMWI, au dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi ambayo mgonjwa huivuta bila kusukutua mdomo baadaye. Mwenye sukari ya juu anaweza kula vitunguu saumu vyote vya soko la Kibuye, lakini sukari isiposhuka muwasho utarudi. Wala usijipime kwa mate. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya glasi ya maji yenye nyuzi nyeupe zinazoning'inia, akiamini kwamba ameliona fangasi lake kwa macho. Mate ya asubuhi huwa na ute mzito, na ute huzama na kujivuta hivyo hivyo hata kwa mtu mzima wa afya.

Hatua ya pili ni kuchagua kitu kimoja tu, ili kikikufaa au kikikudhuru ujue ni kipi. Kitunguu saumu ndicho kinachoulizwa zaidi. Nguvu yake hutokana na alisini, ambayo haimo ndani ya punje nzima bali hutengenezeka punje inapopondwa. Kwa hiyo iponde, iache kwa dakika 10 hivi, kisha uichanganye na chakula kilichokwisha kuepuliwa, kwa maana anayeitupa punje nzima kwenye mafuta yanayochemka hubaki na harufu tu. Hata hivyo, kuua fangasi kwenye kisahani cha maabara si sawa na kumuua ndani ya mwili. Katika jaribio la Melbourne, Australia, lililochapishwa mwaka 2014, wanawake waliomeza vidonge vya kitunguu saumu kwa wiki 2 hawakuonyesha tofauti ya maana ya Candida ukeni wakilinganishwa na waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa. Mimi hukihesabu kuwa kiungo kizuri cha mboga, basi.

Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, takriban nusu ya mafuta yote, pamoja na asidi ya kapriliki kidogo, na watafiti wa Ibadan, Nigeria, walionyesha mwaka 2007 kwamba yanazuia Candida maabarani. Kijiko kimoja jikoni hakina neno. Mafuta ya mti wa chai, kinyume chake, ni sumu yakimezwa. Yogati isiyo na sukari na maziwa lala huleta bakteria wa asidi ya maziwa, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyostahili kujaribiwa kwanza baada ya antibiotiki, kwa kuwa ni chakula, ni rahisi, na havimdhuru mtu asiyesumbuliwa na maziwa.

Hatua ya tatu hurukwa na wengi: linganisha kirutubisho na dawa unazomeza. Kitunguu saumu kingi pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huongeza hatari ya kutokwa damu. Anayetumia dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI, asiimeze pamoja na vidonge vya madini kama magnesi na zinki, kwa sababu madini hayo huizuia isifyonzwe. Aimeze angalau saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake.

Hatua ya nne ni kujiwekea kikomo. Dalili ndogo zipewe siku 14, si zaidi. Mwenye utando mweupe mdomoni na maumivu ya kumeza, au homa, asingoje hata siku moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Kondele: Daktari, nina mimba ya miezi 5, ninawashwa na kutokwa uchafu mzito mweupe. Jirani ameniambia niweke punje ya kitunguu saumu ndani. Je, ni salama?

Jibu: Usiweke, dada. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi laini. Mwonyeshe mkunga kliniki ili athibitishe kwanza kwamba ni fangasi. Dawa ya kawaida kwa mjamzito ni klotrimazoli ya kuweka ukeni, si vidonge vya flukonazoli.

Swali, kutoka Nakuru: Mtoto wangu ana mashilingi kichwani na nywele zinakatika. Ninampaka mafuta ya nazi kila jioni.

Jibu: Ndugu, huyo ni fangasi wa jamii nyingine, naye hujificha ndani ya shina la unywele ambako mafuta hayafiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa mfano griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8. Chanuo na kofia yake visitumiwe na wenzake.

Swali, kutoka Kericho: Nyanya yangu ana meno ya bandia na mdomo wake ni mwekundu, unawaka. Amekuwa akinywa mursik akitumaini kupona. Tuongeze?

Jibu: Mursik, yaani maziwa ya kuchachushwa ya Wakalenjin, ina bakteria wa asidi ya maziwa, lakini ina hamira zake pia, kwa hiyo anywe kama chakula tu. Tatizo huenda liko kwenye meno hayo. Yavuliwe kila usiku, yasuguliwe kwa mswaki na sabuni, kisha yalazwe ndani ya maji safi hadi asubuhi. Mpelekeni pia apimwe sukari, na mwombe dawa ya nistatini ya kusukutua wiki hii hii.