Kutambua boti za zamani za kuvuta watelezaji majini: anza na namba ya bodi

Boti ya Ski Nautique 2001 huwachanganya wengi. Hiyo "2001" si mwaka, ni modeli iliyouzwa kuanzia 1982 hadi 1989. Watengenezaji wake, Correct Craft, walipoleta bodi mpya mwaka 1990 wakarudia jina la awali, Ski Nautique tupu, lile lile la boti za kabla ya 1982. Kwa hiyo jina la ubavuni halitoshi, na stika hubandikwa upya.

1. Nenda tezini (nyuma ya boti), kona ya juu ya kulia ukiwa umeelekea omo (mbele). Boti za Marekani zilizotengenezwa tangu Novemba 1972 zina namba ya bodi hapo, herufi na tarakimu 12. Tatu za kwanza ni za mtengenezaji: CTC ni Correct Craft, MBC ni MasterCraft.

2. Soma nne za mwisho, taratibu. Kwa boti zilizotengenezwa tangu Agosti 1984, herufi ni mwezi (A ni Januari), tarakimu inayofuata ni mwaka wa kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. H990 ni Agosti 1989, modeli ya 1990. Mwenyewe atakuambia "ni ya 89", uagize turubai ya Ski Nautique 2001, na haitakaa.

Za kabla ya hapo zina mitindo miwili. 0578 ni Mei 1978, basi. M79A ni modeli ya 1979 iliyotengenezwa Agosti 1978, kwani kwenye mtindo huu wa M hesabu ya miezi huanzia Agosti. Ukiichukulia A kuwa Januari, umeshapotea.

3. Injini iache mwisho, maana hubadilishwa. Ford 351 ina distribyuta (kigawa umeme kwa plagi) upande wa puli, Chevrolet 350 upande wa flaiwili. Usitumie "mbele ya boti" kama kipimo: kwenye V-drive (injini ipo nyuma, shafti hupita chini yake) injini imegeuzwa.

MASWALI

Namba imefunikwa na rangi. Nipige msasa?
Hapana, utaifuta kabisa. Weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa ubavu wa penseli laini. Kwa boti za tangu Agosti 1984 ipo nakala nyingine mahali palipofichwa. Zikitofautiana, usinunue kabla ya kupata maelezo.

Ford 351 yangu inalipua moto kupitia kabureta baada ya kubadilisha waya za plagi.
Huenda inazunguka kinyume. Washa feni ya chumba cha injini dakika 4, chomoa waya wa koili uushikize kwenye bodi ya injini, kisha mwenzako apige stata ukitazama puli kwa mbele. Ikifuata saa, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Ikienda kinyume, 1-8-4-5-6-2-7-3. Waya zote hufuata upande ambao rota ya distribyuta inageukia, nao uangalie kwa macho, usikisie.

Propela ya boti ya mwenzangu itaingia kwangu?
Pima shafti kwa kalipa kwanza: milimita 25.4 na 28.6 hufanana sana machoni.