Kabla Mgonjwa Wako Hajaanza Kusafishwa Damu: Mambo ya Kuzingatia

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikimpeleka mjomba wangu kwenye mashine ya kusafisha damu hapa Dodoma, mara tatu kwa wiki, yeye akitokea Kongwa kwa basi la alfajiri. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa wiki hii kwamba figo za mzazi wake hazifanyi kazi tena.

Malipo yamalizwe kabla ya siku yenyewe: uliza bima inagharamia mizunguko mingapi, na upate jibu kwa maandishi. Mgonjwa apimwe homa ya ini aina ya B na achanjwe. Mkono utakaotengenezewa fistula (mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo) usichomwe sindano wala usifungwe kipimo cha presha, hata nesi akiwa na haraka. Katheta, yaani mrija wa kuchukulia damu, ya shingoni au kifuani isilowe. Dawa za maumivu za dukani, hasa diklofenaki na ndugu zake, zisimezwe bila daktari kujua, kwa sababu hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo na kumaliza hata ule uwezo mdogo uliobaki.

Piga simu kabla ya kusafiri uulize kama maji na umeme vipo. Mzunguko mmoja wa saa nne hutumia takriban lita 120 za maji, tena si maji ya bomba yalivyo. Maji yetu ya visima vya Makutupora huacha ukoko mweupe kwenye birika, na ukoko huo ni madini ambayo yangeweza kuvuka utando wa kichujio cha mashine na kuingia kwenye damu, hivyo ni lazima yasafishwe kwanza kwa mtambo maalumu. Mtambo ukisimama, mashine zote husimama, na mgonjwa aliyetoka Kondoa au Manyoni huwa amekwishalipa nauli.

Sasa nifike kwenye jambo nililolipuuza mimi, yaani uzito.

Figo mbili zenye afya huchuja takriban lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu zote kwenye damu na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Chujio lenyewe ni mafundo ya mishipa midogo sana, yapata milioni moja katika kila figo. Presha ya damu husukuma maji yapenye kuta za mishipa hiyo, na albumini, ambayo ni protini kubwa isiyoweza kupenya kirahisi, hubaki ndani ikiyavuta yarudi. Ukitoa kinachovuta na kinachozuia, msukumo unaobaki ni wa milimita 10 hivi za zebaki. Ni msukumo mdogo, lakini haulali usiku wala mchana. Mashine, kwa upande wake, hupewa saa 12 tu kati ya saa 168 za wiki. Kichujio chake ni maelfu ya mirija myembamba kama nywele: damu hupita ndani, maji yaliyochanganywa na chumvi kwa vipimo hupita nje yakielekea kinyume, na uchafu kama urea, pamoja na potasiamu iliyozidi, huvuka wenyewe kwenda upande ulikopungua. Maji ya ziada hayavuki namna hiyo, bali huvutwa kwa shinikizo, na kiasi cha kuvuta hupangwa kwa kulinganisha uzito wa leo na ule tunaouita uzito mkavu, yaani uzito wa mgonjwa akiwa hana maji ya ziada.

Uzito mkavu wa mjomba ulikuwa kilo 58. Jumatatu moja ya Oktoba, baada ya joto kali na kipaimara cha mjukuu wake, mizani ilisoma 62.5. Nilibisha kwamba alikunywa glasi mbili tu kwa siku. Ni kweli, glasi za maji zilikuwa mbili, lakini uji wa uwele, mlenda, chai na maji ya ubuyu sikuvihesabu. (Ubuyu una potasiamu nyingi, kwa hiyo hapo nilikosea mara mbili.) Wala sikufikiria chumvi ya nyama choma, wakati gramu 9 za chumvi, ambazo ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu, hutosha kushikilia lita nzima ya maji mwilini.

Nesi alitaka atoe lita tatu siku hiyo na zilizobaki kesho yake. Wataalamu wengi huepuka kuzidisha mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, na kwa mtu wa kilo 58 hesabu hiyo hufika lita tatu kwa saa nne. Mimi nilikuwa ninawahi basi la jioni, nikamsihi azitoe zote, na mjomba naye akaniunga mkono. Saa ya tatu alianza kupiga miayo. Kisha jasho likamtoka, msuli wa kigimbi ukakakamaa, akasema, "Mpwa wangu, sikuoni vizuri." Namba ya juu ya presha ilikuwa 80. Walisimamisha uvutaji, wakainua miguu yake juu, wakamrudishia maji ya chumvi. Nilipomshika kifundo cha mguu ili kumtuliza, kidole changu kiliacha shimo. Miguu ilikuwa bado imejaa maji huku mishipa ikikaukiwa.

Hilo shimo ndilo lililonifanya niulize maswali. Mashine huvuta kutoka kwenye damu peke yake, na maji ya damu ya mtu mzima ni kama lita tatu. Kinachotolewa lazima kijazwe na maji yaliyomo kwenye nyama za mwili, nayo hurudi polepole kupitia kuta za mishipa midogo ya mwili mzima, yakivutwa na ile ile albumini. Utando wa mashine unaweza kuongezewa kasi kwa kubonyeza kitufe, lakini kuta za mishipa haziongezewi. Mgonjwa asiyekula protini ya kutosha huwa na albumini ndogo, na kwake maji hurudi taratibu zaidi.

Kwa hiyo nunua mizani kabla hujanunua kitu kingine chochote, mpime kila asubuhi akiwa na nguo zile zile, na uandike. Supu, uji na mchuzi vyote vihesabiwe kuwa maji. Kizingatieni zaidi kipindi kirefu cha mwisho wa wiki, anapokaa bila mashine. Muulize daktari kama dawa za presha zimezwe asubuhi ya mashine au baadaye, kwa maana jibu si moja kwa kila mgonjwa. Mzunguko ukiisha msikimbilie stendi: akae nusu saa, apimwe akiwa amekaa na tena akiwa amesimama, na ndoo ya maji nyumbani abebe mtu mwingine.