Jeraha la Kichwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusaini Fidia

Mtu aliyegongwa kichwa anaweza kuinuka, akajibu maswali vizuri, akarudi nyumbani kwa miguu yake, kumbe ubongo umeumia. Madai mengi huharibikia hapo. Kidonda kimekauka, mgonjwa anaongea, kampuni ya bima inaleta karatasi ya malipo ya mwisho na karatasi inasainiwa. Miezi inapita, ndugu wanagundua kwamba hashiki maelekezo ya kazi, hasira zimekuwa za karibu na kelele kidogo tu humchosha. Kurudi kudai tena ni vigumu mno.

Fidia isubiri kwanza uhai uwe salama. Kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo mgonjwa asiachwe peke yake. Akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, akiwa mgumu kuamshwa, au majimaji maangavu yakimtoka puani au sikioni, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, mgonjwa akaonekana mzima kwa saa kadhaa kisha akazimia. Kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, dalili nyingine huchelewa hata wiki kadhaa. Ndiyo maana hata pigo lililoonekana dogo liandikwe hospitalini siku ile ile: bila maandishi hayo, anayedaiwa atasema jeraha lilitoka kwingine.

Omba nakala ya faili lote la matibabu, pamoja na maelezo ya gari la wagonjwa kama lilikuwepo. Humo utakuta alama za Glasgow, kipimo cha fahamu kilichotolewa mwaka 1974, kinachopima macho, maneno na mwitikio wa viungo kuanzia 3 hadi 15. Alama 13 hadi 15 huhesabiwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini ni kali. Alama hizo zinaeleza fahamu zilivyokuwa wakati wa kupimwa. Hazisemi kama mtu ataweza tena kuendesha duka au kufundisha darasa. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa, nayo huonyesha damu na mifupa iliyovunjika, lakini mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani humo. Usikubali hoja kwamba picha safi maana yake hakuna jeraha. Kipimo kingine chenye uzito ni muda ambao kumbukumbu haikushika mfululizo baada ya ajali. Muulize mgonjwa mapema anakumbuka nini kuanzia wapi, uandike. Muda huo ukizidi siku nzima, kwa kawaida jeraha haliwekwi tena kwenye kundi la madogo.

Kazi kubwa kuliko zote ni kuthibitisha mabadiliko, na hapa familia nyingi huchelewa. Kusanya vitu vinavyoonyesha mtu alikuwa nani kabla: matokeo ya shule, tathmini za kazini, hati za mshahara, hesabu za biashara. Kisha ndugu anayeishi naye aandike daftari lenye tarehe. "Anasahau" haitoshi, andika kwamba Jumanne aliacha jiko likiwaka, akauliza swali lile lile mara tatu, akalala mchana kutwa baada ya kutoka sokoni. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni alivyobadilika, kwa hiyo usitegemee maelezo yake pekee. Daftari hili humsaidia sana mwanasaikolojia anayepima kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri. Katika vipimo hivyo mgonjwa asikuze dalili wala asifiche maradhi ya zamani, maana vipo vipimo vya kubaini asiyejitahidi, na uongo mmoja huchafua ukweli wote.

Helmeti iliyopasuka isitupwe wala isitengenezwe. Picha za kamera za ulinzi ziombwe kwa maandishi mapema, kwani hufutwa kwa kurekodiwa juu yake. Risiti zote zitunzwe, na saa ambazo ndugu anamhudumia mgonjwa ziandikwe, hata kama halipwi. Sheria za sehemu nyingi huruhusu kuzidai.

Muulize wakili mapema mambo mawili ya muda: ukomo wa kufungua kesi, na siku za kumpa taarifa mwajiri au bima, ambazo zinaweza kuwa chache zaidi. Uliza pia kama gharama za madaktari wa kutoa ushahidi zimo ndani ya malipo yake. Kesi ifunguliwe ndani ya muda, lakini suluhu ya mwisho isiharakishwe: nafuu huja kwa kasi katika miezi 6 ya kwanza, na huweza kuendelea hadi miaka 2 na zaidi. Njaa ikibana, uliza kama malipo ya awali yanawezekana bila kufunga madai.

Uwezo wa mgonjwa kuelewa anachosaini ukiwa na shaka, daktari aupime kwanza, na msimamizi anayetambuliwa kisheria ateuliwe. Kwa mtoto kuweni waangalifu zaidi, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi utu uzima, na upungufu unaweza kujitokeza anapofika masomo magumu.