Kumfuatilia mzee ruzuku ya TASAF mpaka iingie kwenye simu yake: niliyojifunza Tongoni

Nina kibanda cha fotokopi na miamala ya simu Ngamiani, Tanga mjini. Dirisha la malipo la TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaozipa kaya maskini ruzuku) likifunguliwa, yaani siku za malipo zikifika, silazimiki kutangaziwa. Naona kina bibi wanaanza kufika asubuhi, simu ya kitochi imefungwa kwenye pindo la kanga, wananipa niwaangalizie kama kuna kilichoingia. Wengine wanaondoka na noti zao. Wengine nawaambia "bado, bibi", na chai ya siku hiyo hainishuki.

Mwaka 2023 wa kuambiwa "bado" alikuwa shangazi yangu mwenyewe, anayekaa Tongoni, njia ya Pangani. Madirisha mawili yalipita mikono mitupu. Malipo ni kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo hesabu miezi minne. Nilipokuja kupata chanzo, nusu ya kosa ilikuwa yangu. Nimeandika hapa njia tuliyopita, kwa yeyote mwenye mzazi au bibi aliyekwama palepale.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kaya imo kwenye mpango

Kila wiki kuna mtu ananiambia "niandikishie TASAF". Siwezi, na atakayekutoza hela akuingize, mkimbie. Hakuna fomu ya kuombea mtu mmoja mmoja ukaipeleka ofisini.

Kaya huingia hivi. Unaitishwa mkutano wa mtaa au kijiji, watu wenyewe wanakubaliana maskini wa pale kwao ni nani, kisha wanataja majina hadharani. Waliotajwa wanatembelewa nyumbani na mtu mwenye dodoso. Majibu yanaingizwa kwenye mfumo, mfumo unakadiria hali ya maisha ya kaya, wanaozidi kiwango wanaachwa. Orodha iliyobaki inarudishwa mkutanoni isomwe, watu waseme kama kuna aliyestahili akaachwa au tajiri aliyejipenyeza. Ndiyo maana namwambia kila mtu: siku ya mkutano nenda, na kama mzee hawezi kutembea, nenda wewe umtaje. Asiyetajwa mkutanoni hafikiwi na dodoso, na asiyefikiwa na dodoso mfumo haumjui.

Kwenye dodoso mambo mawili huharibika. La kwanza ni maana ya kaya. Kaya si nyumba. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Shangazi anakaa chumba cha uani kwenye nyumba ya mwanawe, ila anapika mwenyewe, analea wajukuu wawili, na mwanawe ana chungu chake. Ukisema tu "tunakaa kwa fulani", basi bati la fulani, sakafu ya fulani na pikipiki ya fulani vinahesabiwa kuwa vyako. La pili ni watu kujitia aibu au ujanja. Kuna wanaoficha kuku, na kuna wanaoazima kochi la jirani ili mgeni asiwaone wanyonge. Yule wa kochi ndiye anayenisikitisha zaidi. Jibu kilichopo. Anayeuliza hapangi nani aingie, anajaza tu.

Kama kaya imo, mna kadi ya mlengwa. Itafute, iko kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki.

Hatua ya 2: Namba ya NIDA

Ni namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiziona haziendani na umri wa mzee, umeandika namba ya mtu mwingine. Asiyeikumbuka aanzie *152*00#. Usitegemee picha ya kadi iliyofifia kwenye simu ya mjukuu. Iandike kwa mkono kwenye daftari, ikague mara mbili, basi.

Hatua ya 3: Laini iwe ya mzee mwenyewe, kwa vidole vyake mwenyewe

Hapa ndipo penye kosa langu. Mwanzoni mwa 2020, wakati wa kukimbizana na kusajili laini kwa alama za vidole zisifungwe, vidole vya shangazi viligoma. Amesuka makuti tangu usichana, mistari imelika. Mimi nikaona nisimsumbue, nikaweka kidole changu. Laini ikawa yake mkononi na yangu kwenye kumbukumbu. Miaka mitatu baadaye aliandikisha namba hiyohiyo ipokee ruzuku, na pesa ikatafuta jina lake ikakuta langu.

Kwa vidole vilivyolika, tulichofanya ni hiki. Tulikwenda asubuhi kabla hajagusa ukuti hata mmoja. Aliloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, akaikausha vizuri, akapaka mafuta ya nazi kidogo sana, kisha akayafuta yabaki kama hayapo. Kioo cha mashine kikafutwa kwa kitambaa kikavu. Usikandamize kidole, mistari inalala; kiweke tu. Kidole gumba cha kulia kikikataa jaribu cha kushoto, halafu cha shahada. Cha shangazi kilichokubali ni cha mkono wa kushoto, kwa kuwa ukuti anauvuta kwa wa kulia.

Na uende kwenye duka lenyewe la kampuni ya simu, sio kwa kijana wa mwavuli anayesajili laini barabarani. Hili silitanii, ingawa vijana wa mwavuli ni rafiki zangu. Mara ya kwanza tulisimama kwa mmoja akasema "imegoma bibi, weka tena", mara tano, mwishowe ikakubali. Tulipofika nyumbani nikapiga *106# kwenye laini yake, nikakuta kuna namba nyingine mbili tusizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Sina ushahidi wa nani alizisajili, lakini zilifutwa siku ileile dukani. Piga *106# kila ukimaliza kusajili, hata kama aliyekusajili ni mdogo wako.

Nunua laini mpya ya ruzuku peke yake, ikae kwenye kitochi. Laini ya kila siku huazimwa, na anayeazima hukopa. Ndugu yetu mmoja alichukua mkopo wa simu kwa laini ya mama yake. Ruzuku ilipoingia, deni likaimeza yote kabla mama hajaona ujumbe.

Hatua ya 4: Majina, herufi kwa herufi

Nikadhani tumemaliza. Laini mpya, vidole vyake, kila kitu. Dirisha la pili likapita patupu.

Kaa chini na daftari, uchore mistari mitatu. Mstari wa kwanza, jina lilivyo kwenye kadi ya mlengwa. Wa pili, jina lilivyo NIDA. Wa tatu, jina linalotokea kwenye pesa ya simu. Hilo la tatu usimuulize mzee. Chukua simu yako, jifanye unamtumia shilingi 1,000. Kabla hujaweka namba ya siri utaliona jina la mpokeaji. Linakili, ghairi muamala.

Yetu yalisomeka hivi (jina nimelibadili, kosa ni lenyewe): kwenye kadi "Mwanahamisi Bakari", NIDA "Mwanamisi Bakari Mohamedi", kwenye simu vilevile kama NIDA. Ukisoma kwa sauti ni mtu mmoja, na Tongoni nzima itakuapia. Mfumo hausikii sauti, unalinganisha herufi. Siku ya dodoso shangazi alijitaja kama anavyoitwa mkekani. Siku ya NIDA alitaja kama lilivyo kwenye kadi yake ya zamani ya kura. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Swali ni lipi la kurekebisha, na hapa nilipoteza muda mwingi kuliko penginepo. Nilitaka kurekebisha la NIDA, kwa kuwa ndilo nililoona "limekosewa". Nikaulizia: kubadili jina NIDA kunataka hati, kama cheti cha kuzaliwa, ambacho shangazi hana, au hati ya kiapo kwa mwanasheria. Na ukishalibadili, laini inabidi isajiliwe upya, kwa sababu jina la kwenye laini halitungwi dukani, linavutwa NIDA kwa kidole. Kwa hiyo unarekebisha kimoja unavunja viwili.

Nenda kinyume. Acha NIDA ilivyo, laini itaifuata yenyewe, kisha peleka daftari la TASAF liwafuate hao wawili. Taarifa za kaya zinabadilishika pale mtaani kwa fomu ya mabadiliko. Ndiyo hiyohiyo inayotumika mtoto akizaliwa, mtu akifariki, mwanafunzi akihama shule. Haihitaji kiapo, inahitaji nakala ya kitambulisho na mtu wa kuifuatilia.

Zipo hali ambazo ushauri huu haufai. Kama NIDA imekosea jinsia, au imempunguzia mzee miaka ishirini, huko lazima uende, litamfuata hata hospitali. Kama jina kwenye kadi ni la marehemu, mathalani bibi alikuwa mpokeaji akatangulia mbele za haki, hayo si marekebisho ya jina, ni kubadili mpokeaji wa kaya. Sema hivyo waziwazi usije ukajaziwa fomu isiyo yako. Na kama tofauti ni mpangilio tu, "Bakari Mwanamisi" badala ya "Mwanamisi Bakari", usiidharau, rekebisha nayo.

Hatua ya 5: Kupeleka mtaani

Anza kwa mtendaji wa mtaa na wanakamati wa jamii wanaosimamia mpango. Wao ndio wanaopeleka kwa mratibu wa halmashauri. Mimi niliruka nikaenda moja kwa moja mjini, nikarudishwa kwa adabu: fomu inaanzia Tongoni. Nauli ya bure.

Beba kadi ya mlengwa, nakala ya NIDA, na namba mpya ya simu ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Namba ya mdomo haifiki. Mara ya kwanza tuliitaja tukiwa tumesimama mlangoni, kila mtu akatikisa kichwa, na kwenye orodha ikabaki ileile ya zamani. Omba ujaze mbele yao, soma tarakimu moja moja, piga picha fomu kabla haijaondoka.

Fanya haya mapema. Orodha ya malipo huandaliwa kabla ya dirisha. Ukipeleka wakati majirani wameshaanza kupokea, mabadiliko yako yatafanya kazi dirisha linalofuata.

Hatua ya 6: Masharti ya watoto

Watoto wadogo kliniki, wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku. Likikosekana, hukatwa sehemu ya ruzuku inayotokana na sharti hilo, haifutwi kaya. Mjukuu akihamia shule nyingine toeni taarifa, la sivyo mahudhurio yake yataulizwa shule ya zamani na ataonekana mtoro.

Ndiyo maana pia pesa za majirani hazilingani. Kipindi cha kwanza cha mpango, kabla viwango havijabadilika, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto wa kliniki na wa shule ilipanda mpaka 38,000. Bibi anayeishi peke yake asimtilie shaka mwenye wajukuu watano.

Hatua ya 7: Siku ya malipo

Namba ya siri aichague mzee na aikumbuke mzee. Usiiandike nyuma ya simu. Nimeshaona zaidi ya kumi. Ujumbe wa malipo usifutwe. Wakala akisema hana hela ya kutosha, msikubali nusu leo nusu kesho, tafuteni mwingine.

Shangazi alipokea dirisha la tatu, saa mbili asubuhi, akanipigia kabla hata sijafungua kibanda. Kama kwenu majirani wameshapata na wiki imepita simu ya mzee iko kimya, msikae kusubiri miezi miwili mingine. Fungua daftari, chora ile mistari mitatu.