Kutunga Wimbo wa Chaneli Nne kwenye Game Boy kwa Kutumia LSDJ

Game Boy, iliyotoka mwaka 1989, ina chaneli nne tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi ambalo mtunzi hulichora mwenyewe, na moja ya mchakacho (kelele inayotumika kama ngoma). Kila chaneli hutoa noti moja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana kazi kubwa ya mtunzi hapa ni kugawa nafasi. Nitatumia LSDJ, traka (programu ya kutunga muziki kwa kuandika noti mstari kwa mstari) iliyoandikwa na Johan Kotlinski, nikichukulia kwamba tayari umeiweka kwenye katriji.

Hatua ya 1: Zoea mpangilio. Katika traka muziki huteremka kutoka juu kwenda chini. Wimbo huundwa na cheni, cheni huundwa na frezi, na kila frezi ina mistari 16 iliyohesabiwa kwa namba zinazoendelea baada ya 9 kwa herufi A hadi F, hivyo mapigo manne huangukia mistari ya 0, 4, 8 na C. Bonyeza A mara mbili ili kupata cheni mpya, kisha shikilia SELECT na ubonyeze kulia ili kuingia ndani yake. Fanya vivyo hivyo kwa frezi.

Hatua ya 2: Anza na besi, katika safu ya tatu (kila safu ni chaneli moja, kwa mfuatano niliotaja mwanzoni). Kitufe cha A huweka noti. Ukikishikilia na kubonyeza kulia au kushoto, noti hupanda au kushuka kwa nusu toni, na juu au chini huihamisha kwa oktava. Bonyeza START usikilize, tena kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu spika ndogo ya kifaa humeza besi.

Hatua ya 3: Weka mchakacho katika safu ya nne, mkali kwenye mistari ya 4 na C, na mfupi mwepesi katikati.

Hatua ya 4: Sasa kwenye safu ya kwanza tengeneza mwafaka wa noti tatu, jambo ambalo chaneli moja haiwezi kulifanya ila kwa ujanja. Andika amri ya C mbele ya noti: C47 huipokezanisha noti hiyo na zile zilizo juu yake kwa nusu toni 4 na 7, haraka kiasi kwamba sikio huzisikia kama meja, na C37 hutoa maina. Mtetemo huo ndio watu wengi huutambua kama sauti ya michezo ya zamani, lakini ukiutumia katika kila frezi unachosha. Mimi huuacha unyamaze pale melodia inapoanza.

Hatua ya 5: Melodia ikae safu ya pili, na mapengo yake yajazwe na mwangwi: rudia kila noti mistari mitatu baadaye kwa ala ileile iliyopunguzwa sauti. Upana wa wimbi wa asilimia 12.5 huifanya iwe nyembamba na ipenye. Usipoteze muda kulinganisha 25 na 75, kwani masikioni ni kitu kimoja.

Hatua ya 6: Hifadhi wimbo kama faili, kisha unakili kumbukumbu ya katriji kwenye kompyuta. Katriji nyingi hutunza data kwa betri ndogo, na yangu ilipokwisha iliondoka na nyimbo zote.